Dawa Isiyoua Mdudu Huishia Wapi?

Mwaka 2014 wakulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru mkoani Arusha, walipata mgeni ambaye maduka yao ya pembejeo hayakuwa na jibu lake. Majani yalianza kutoa mabaka meupe yanayopitisha mwanga, kisha yakakauka. Matunda yalitobolewa karibu na kikonyo, na ukipasua moja unamkuta kiwavi mdogo wa kijani ndani yake. Kenya nayo ilimpata karibu wakati huohuo. Misimu michache baadaye mdudu huyo alikuwa ameenea kwenye maeneo makubwa ya nyanya ya nchi zote mbili, na jina alilopewa na wakulima wa Tanzania, kantangaze, limezoeleka kuliko lile la kisayansi, Tuta absoluta. Wakulima walifanya walichozoea kufanya: wakapiga dawa. Mdudu hakufa. Wakapiga tena, wakaongeza kipimo, wakachanganya dawa mbili, halafu tatu.

Habari za namna hii huandikwa mara mbili, kana kwamba ni habari mbili. Kwenye ukurasa wa kilimo kuna wadudu wasiosikia dawa. Kwenye ukurasa wa afya kuna sumu inayokutwa katika mboga. Wizara ni mbili, wataalamu ni wa fani mbili, hata semina hufanyika kwa siku tofauti. Shambani mpaka huo haupo. Dawa ikishindwa Jumatatu, hupigwa nyingine Alhamisi, na Alhamisi iko karibu zaidi na siku ya mavuno. Usugu wa wadudu na mabaki ya viuatilifu ni mchakato mmoja unaotazamwa kutoka ncha mbili, na anayejaribu kutibu ncha moja peke yake huishia kuichochea nyingine.

Kantangaze anafaa kuanza naye kwa sababu maumbile yake yenyewe humshawishi mkulima azidishe dawa. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 260. Penye joto la wastani kizazi kimoja hukamilika kwa takriban mwezi mmoja, hivyo kwa mwaka anaweza kupitisha vizazi 10 na zaidi. Kiwavi akishaanguliwa hujichimbia katikati ya ngozi mbili za jani na kula nyama iliyomo. Dawa inayoua kwa kumgusa mdudu hupita juu yake bila kumfikia. Mashamba yasiyodhibitiwa yanaweza kupoteza karibu mavuno yote.

Lakini kuna jambo jingine ambalo wakulima wa Meru, Kirinyaga au Ilula hawakuwa na namna ya kulijua. Mdudu huyu ni mwenyeji wa Amerika Kusini. Alionekana Hispania mwishoni mwa mwaka 2006, akazunguka Bahari ya Mediterania, akaingia Afrika ya Kaskazini na kushuka kupitia Sudan na Ethiopia. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kundi lililovamia Ulaya na Afrika linatokana na wadudu wa Chile, nchi ambako wakulima walikwishampiga dawa kwa miongo kadhaa. Mabadiliko ya jeni yanayompa usugu dhidi ya pairethroidi, kundi la viuadudu linalotumika sana, yalikutwa kwa wingi katika makundi ya Brazil na Ulaya yaliyopimwa. Kwa maneno mengine, mkulima wa Afrika Mashariki aliyenunua pairethroidi mwaka 2014 alikuwa akimpiga mdudu kwa silaha ambayo mababu wa mdudu huyo waliishinda ng'ambo ya bahari. Fedha yake ilipotea kabla hajafungua kifuniko cha chupa.

Wakulima husema mdudu amezoea dawa, na ni rahisi kuelewa kwa nini wanasema hivyo. Ukweli ni kwamba mdudu mmoja hazoei kitu. Ama hufa, ama hubaki. Kinachobadilika ni kundi. Chukua viwavi milioni moja katika bonde moja, na tuseme miongoni mwao 100 wana jeni ya usugu, yaani mmoja katika kila 10,000. Dawa nzuri inayoua asilimia 99.9 ya viwavi wa kawaida itaacha takriban 1,000 kati yao, pamoja na wale 100 sugu. Wenye usugu, ambao hawakuwa lolote, sasa ni karibu asilimia 9 ya waliobaki. Waache wazaane hadi warudi kuwa milioni, kisha piga dawa ileile: watabaki sugu wapatao 91,000 na wa kawaida 900 na ushei. Hesabu halisi ya uzazi ina vikwazo vyake, lakini mwelekeo ni huo. Dawa inaweza kusifiwa na kijiji kizima msimu huu, na msimu unaofuata isiue kitu, bila mtu yeyote kuichakachua.

Njia za usugu ni chache na zinajirudia. Wakati mwingine sehemu ya mwili ambayo dawa hujipachika hubadilika umbo kidogo, kiasi kwamba dawa haishiki tena. Ndivyo ilivyo kwa pairethroidi na milango ya sodiamu katika neva za mdudu. Wakati mwingine mdudu huzalisha kwa wingi vimeng'enya vinavyoivunjavunja sumu kabla haijafika kwenye neva. Njia hii ya pili ina hatari zaidi kwa mkulima, maana kimeng'enya kilichoongezeka kwa sababu ya dawa moja kinaweza kuivunja na nyingine ambayo mdudu huyo hajawahi kukutana nayo.

Haya si mageni. Mwaka 1914 mtaalamu wa wadudu wa Marekani, A. L. Melander, aliandika kuhusu wadudu wa matufaha katika jimbo la Washington waliokuwa wakinusurika na mchanganyiko wa chokaa na salfa. Tangu hapo zaidi ya spishi 600 za wadudu na utitiri zimethibitishwa kuwa sugu kwa angalau dawa moja. Bingwa wao katika mboga ni nondo mgongo wa almasi, adui wa kabichi na sukuma wiki. Huko Lembang, kisiwani Java, aliripotiwa kuwa sugu kwa DDT mwaka 1953, muda mfupi tu baada ya dawa hiyo kuonekana kama mwisho wa matatizo yote. Mwaka 1990 ikaripotiwa kutoka Hawaii kwamba ameishinda hata Bt, dawa itokanayo na bakteria ambayo wengi waliamini haiwezi kuzaa usugu. Zilipokuja daiamidi, kundi jipya lililopokelewa kwa shangwe katikati ya miaka ya 2000, nondo huyohuyo alizishinda nchini Ufilipino na Thailand ndani ya miaka michache. Kantangaze naye aliripotiwa kuwa sugu kwa kundi hilo huko Sicilia, Italia, mwaka 2015.

Pairethroidi zenyewe zina uhusiano wa karibu na Afrika Mashariki. Zilibuniwa kwa kuiga sumu iliyomo katika ua la pareto, zao ambalo Kenya iliongoza duniani kwa miongo kadhaa na ambalo bado linalimwa Nakuru na Mufindi. Sumu ya asili ya pareto huvunjika upesi ikipigwa na jua. Wanakemia waliona huo kuwa udhaifu, wakaiimarisha hadi ikaweza kudumu juani kwa siku nyingi. Udhaifu ule ndio uliokuwa kinga: dawa inayotoweka jioni haiachi mabaki ya kesho, wala haiendelei kuchagua wadudu sugu wiki nzima.

Ingia sasa kwenye duka la pembejeo, au agroveti kama wanavyoita Kenya. Rafu imejaa chupa za rangi na majina ya kutisha: silaha, wanyama wakali, mabingwa wa mapigano. Mkulima aliyeambiwa na bwana shamba abadilishe dawa hununua chupa nyekundu mwezi huu na chupa ya bluu mwezi ujao, akiamini ametii. Geuza chupa zote mbili usome kiambata amilifu kwa maandishi madogo: moja ni lambda-saihalothrini, nyingine saipamethrini. Zote ni pairethroidi, zote hupiga palepale kwenye mwili wa mdudu. Abamektini na emamektini vilevile ni ndugu wa kundi moja. Kamati ya kimataifa ya viwanda inayoshughulikia usugu, iliyoanzishwa mwaka 1984, imeyapa makundi haya namba, na namba hiyo huchapwa kwenye lebo nyingi: 1 kwa oganofosfeti na kabameti, 3 kwa pairethroidi, 4 kwa neonikotinoidi, 28 kwa daiamidi. Kubadilisha dawa maana yake ni kubadilisha namba. Kama kuna elimu moja ya bei rahisi inayoweza kutolewa leo kwenye kila duka, ni hiyo, na inashangaza jinsi inavyotajwa kwa nadra.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania unaonyesha hali ilivyokuwa hata kabla ya kantangaze. Karibu theluthi moja walichanganya viuatilifu katika bomba moja, na wengi wa hao walichanganya hadi aina tatu. Hakuna lebo wala afisa ugani aliyewapa maelekezo ya michanganyiko hiyo. Zaidi ya nusu walipiga dawa mara tano au zaidi kwa msimu, na asilimia 53 walisema matumizi yao yalikuwa yakiongezeka. Asilimia 68 walisema waliwahi kujisikia kuumwa baada ya kupiga dawa.

Mchanganyiko huo huonekana hivi. Bomba la mgongoni la lita 20 limewekwa kando ya mfereji. Kipimo ni kifuniko cha chupa, na vifuniko havilingani. Kinamiminwa kiuatilifu kimoja, kinaongezwa cha pili "kwa sababu mdudu ni mkali", kisha unga wa dawa ya ukungu unakorogwa humohumo ili kazi imalizike kwa mzunguko mmoja. Kijiti kilichookotwa chini ndicho mwiko. Pua ya bomba imelika kwa miaka mingi ya matumizi, kwa hiyo badala ya ukungu mwembamba hutoka matone makubwa yanayoteleza juu ya jani na kudondoka chini. Upande wa juu wa jani unalowa chapachapa; upande wa chini, wanakojificha inzi weupe na utitiri, unabaki mkavu. Shamba moja linapata dozi kupita kiasi na dozi pungufu kwa wakati mmoja. Ya kwanza huacha mabaki, ya pili hulea usugu. Na chupa ikiwa bandia au imechakachuliwa, jambo ambalo mamlaka za nchi zote za eneo hili hulilalamikia, hali huwa mbaya zaidi.

Hata hivyo si haki kumalizia lawama kwenye bomba. Kuna tatizo la ratiba ambalo halitatuliwi na semina ya siku moja. Kila dawa ina muda wa kusubiri kabla ya kuvuna, siku 3, 7, 14 au zaidi, kulingana na kiambata na zao. Kwa mahindi au mpunga agizo hilo halina taabu, kwani mavuno ni ya mara moja. Nyanya zikianza kuiva huchumwa mara moja au mbili kwa wiki, kwa majuma kadhaa mfululizo, na juu ya mmea mmoja kuna maua, matunda mabichi na yaliyoiva kwa pamoja. Mkulima anayelinda matunda ya wiki ijayo hana budi kuyapulizia na ya leo. Dawa ya siku 14 kwenye zao linalochumwa kila baada ya siku 4 ni agizo lisilotekelezeka, na lebo inayoliandika inamlinda mtengenezaji kuliko mlaji. Bamia, nyanya chungu, matango na maharage machanga yana tatizo hilohilo. Mchicha una lake: kutoka kupandwa hadi sokoni ni takriban wiki nne, hivyo wiki mbili za kusubiri ni nusu ya maisha yake.

Ongeza soko. Dalali akipiga simu kwamba lori linapita kesho alfajiri na bei imepanda, hakuna mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa atakayejibu kwamba anasubiri siku zitimie. Mnunuzi naye huchagua kwa macho. Tundu la kiwavi hushusha bei ya tenga papo hapo. Mabaki ya dawa hayashushi chochote, kwa sababu hayaonekani. Soko linamlipa anayepiga dawa na kumwadhibu anayejizuia. Mpaka bei ibadilike, mahubiri kwa wakulima yatabaki mahubiri.

Wengi hudhani wanaiona sumu. Ule unga mweupe au wa manjano juu ya nyanya za sokoni huzua gumzo, na mara nyingi ni dawa ya ukungu, kama mankozebu. Kuuosha kunasaidia. Viuadudu vingi haviachi alama yoyote, na vile vinavyonyonywa na mmea, imidaklopridi kwa mfano, viko ndani ya jani na tunda, maji hayavifikii. Kuosha kwa maji yanayotiririka, kumenya na kupika hupunguza mabaki kwa viwango tofauti, na inafaa kufanya yote matatu inapowezekana. Kachumbari, bahati mbaya, haipikwi.

Je, mabaki hayo yanadhuru? Hapa panahitaji utulivu, maana kelele za mitandaoni zimechanganya mambo. Kiwango cha juu cha mabaki kinachoruhusiwa, ambacho Codex Alimentarius, chombo cha FAO na WHO cha tangu 1963, hukipanga kwa kila zao na kila kiambata, hakionyeshi mahali ambapo chakula hugeuka sumu. Huonyesha mabaki yatakayobaki endapo dawa imetumika jinsi lebo inavyoagiza, baada ya kuhakikisha kwamba kiasi hicho kiko chini ya kile ambacho mtu anaweza kula kila siku bila madhara. Nyanya iliyozidi kiwango ni ushahidi kwanza wa matumizi mabaya. Hatari kwa mlaji ni hesabu nyingine, inayotegemea kiambata, kiasi na umri wa mlaji. Vifo vya papo hapo kutokana na mabaki ni nadra, ingawa majanga yamewahi kutokea: mwaka 1985 zaidi ya watu 1,000 huko California waliripotiwa kuugua baada ya kula matikiti maji yaliyokuwa na aldikabu, dawa isiyoruhusiwa kabisa kwa zao hilo. Hofu ya kila siku ni ya dozi ndogondogo za miaka mingi, hasa kwa watoto, ambao hula zaidi kulingana na uzito wao, na hofu hiyo haitulizwi kwa kupima kiambata kimojakimoja wakati mlo mmoja unabeba kadhaa.

Na anayeumia kwanza ni mpulizaji, kisha familia inayofua nguo zake. Ni jambo linalosahaulika kila mjadala wa mabaki unapofanyika mjini.

Soko la nje limeonyesha kinachowezekana. Kuanzia Januari 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya shehena za maharage machanga na njegere za maganda kutoka Kenya, baada ya kukuta mara kwa mara daimethoeti, kiuadudu cha kundi la oganofosfeti, iliyozidi kiwango. Kwa viambata visivyowekewa kiwango maalumu, Umoja huo hutumia miligramu 0.01 kwa kilo, yaani gramu moja katika tani 100. Wauzaji nje walilazimika kubana: kumbukumbu za kila mpulizo, orodha ya dawa zinazoruhusiwa, vipimo vya maabara kabla ya ndege kupaa. Iliwaumiza wakulima wadogo, kwani wengi waliachwa nje ya mikataba kwa sababu kuwasimamia ni gharama. Lakini hakuna aliyefanya miujiza. Palikuwa na mnunuzi aliyekataa mzigo. Mboga zinazoteremshwa alfajiri Wakulima Market jijini Nairobi, au sokoni Ilala, Dar es Salaam, hazina mnunuzi wa namna hiyo. Mkulima mmoja anaweza kuwa na kitalu cha maharage ya London kinachoandikwa daftarini na kitalu cha sukuma wiki ya mjini kisichoandikwa popote.

Kwa upande wa sheria, mwelekeo ni kufuta. Umoja wa Ulaya uliacha kuidhinisha daimethoeti mwaka 2019 na klorpirifosi mwaka 2020. Mwaka 2025 klorpirifosi iliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali zinazodumu kwenye mazingira. Mwaka huohuo serikali ya Kenya ilitangaza kuondoa bidhaa 77 za viuatilifu sokoni na kuwekea mipaka nyingine 202. Tanzania iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa sheria ya mwaka 2020, ikichukua kazi za taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwa Arusha. Kuondoa sumu kongwe za oganofosfeti ni uamuzi sahihi. Hizo ndizo zinazolaza watu hospitalini. Ila kila kundi linaloondoka huacha mzigo kwa makundi yanayobaki. Mkulima aliyekuwa na namba tano za kuzungusha akibaki na mbili, atazipiga hizo mbili bila kupumzika, na wadudu watazishinda upesi zaidi. Kisha ataongeza dozi. Marufuku isiyokuja na njia mbadala ya kudhibiti mdudu hubadilisha jina la mabaki, na mabaki yenyewe yanabaki.

Gharama haiishii kwenye sahani. Mashamba ya mboga ya mijini hutegemea visima vifupi, mifereji na madimbwi, na humo ndimo mbu wa malaria hutaga. Watafiti wa Benin walipima udongo na maji ya maeneo ya kilimo wakakuta mabaki ya viuadudu mahali mazalia ya mbu yalipo. Kwa miaka mingi vyandarua vyote vyenye dawa vilitegemea pairethroidi peke yake, kundi lilelile linalomiminwa kwenye kabichi, na mbu nao wakaanza kulishinda. Tanzania imekuwa uwanja wa majaribio ya kujinasua: Muleba, mkoani Kagera, vilijaribiwa vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya vinavyovunja dawa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Misungwi, mkoani Mwanza, vilijaribiwa vyandarua vyenye pairethroidi pamoja na klorfenapiri. Matokeo ya mwaka 2022 yalikuwa mazuri kiasi kwamba WHO ilivipendekeza mwaka 2023. Klorfenapiri ilianza maisha yake kama dawa ya kilimo, na hutumika kwenye mboga. Ni vigumu kuona nani, kati ya wizara ya kilimo na ya afya, mwenye jukumu la kuilinda isichakae mapema.

Njia ya kutoka ilishaonyeshwa, tena karibu na nyumbani. Mwaka 2002 watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, waliachia nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan, kwenye vilima vya Taita na baadaye upande wa Limuru. Nyigu huyo ni mwembamba, mweusi, mdogo kuliko nzi wa nyumbani, na wala hamuumi mtu. Jike huingiza yai ndani ya kiwavi wa nondo mgongo wa almasi. Buu hula kiwavi kutoka ndani na kuacha ganda tupu. Nondo walipungua sana, uharibifu wa kabichi ukashuka, na nyigu wakasambaa wenyewe hadi kwenye mashamba ambayo hayakuwa kwenye mradi. Walipelekwa pia Tanzania na Uganda. Kwa maeneo yenye joto, ambako Diadegma hastawi, aliletwa nyigu mwingine kutoka Afrika Kusini. Dhidi ya kantangaze, ICIPE imeleta nyigu wa kutoka Peru, Dolichogenidea gelechiidivoris, na kuanza kumwachia Kenya. Kuna pia mitego ya harufu ya jike inayonasa madume, nyumba za neti, dawa zitokanazo na fangasi Metarhizium na mwarobaini.

Kwa nini basi kabichi bado inapigwa dawa? Kwanza, nyigu hufa kwa pairethroidi kirahisi kuliko nondo sugu, hivyo mpulizo mmoja dhidi ya vidukari huua mlinzi na kumwacha mwizi. Pili, nyigu aliyekwisha kusambaa hauzwi. Hakuna kamisheni, hakuna tangazo redioni, hakuna kalenda yenye picha yake ukutani mwa agroveti. Mshauri wa kilimo anayefikiwa kwa urahisi zaidi kijijini ni muuza dawa, na si dhambi yake kwamba anaishi kwa kuuza dawa. Tatu, mbinu nyingi hudai majirani wote wafanye pamoja: kung'oa masalia ya nyanya yaliyoachwa shambani hakusaidii kitu ikiwa jirani ameyaacha yake yakitoa nondo mwezi mzima.

Hivyo mazungumzo hurudi sokoni, kwenye bei. Taiwan ilianza katikati ya miaka ya 1980 kutumia kipimo cha haraka kinachotegemea kimeng'enya cha neva kilichotolewa kwa nzi wa nyumbani: dondoo la jani likikizuia, mzigo una oganofosfeti au kabameti, na jibu hupatikana kabla ya mnada kuisha. Kwa Nairobi au Dar es Salaam kipimo hicho kingenasa zile sumu zinazolaza watu, kwa sehemu ndogo ya gharama ya maabara kubwa. Pairethroidi, neonikotinoidi na daiamidi kingezikosa, kwa hiyo maabara bado zingehitajika kwa sampuli chache zilizochaguliwa vizuri. Kikwazo kikubwa zaidi kiko ndani ya tenga lenyewe. Kabla ya kufika mjini, dalali hujaza lori kwa mavuno ya wakulima wengi, na mara nyingi tenga moja hubeba nyanya za mashamba zaidi ya moja. Aliyesubiri siku 7 na aliyepiga dawa jana huuza kwa jina moja na bei moja, na tenga hilo likifeli kipimo hakuna wa kurudishiwa. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao tayari huandika gari, mzigo na mahali lilikotoka. Kuongeza safu moja ya kijiji au kikundi cha wakulima kwenye stakabadhi hiyo kungegharimu wino tu, na kungempa mnunuzi wa jumla kitu ambacho leo hana: sababu ya kumlipa mtu mmoja zaidi ya mwingine.